Ndara Tisa za Kushoto

Mlango uligongwa, na chini ya kitanda changu kulikuwa na ndara tisa, zote za mguu wa kushoto.

Ni za Wakristo wanaosali kila Jumapili nyumbani kwa jirani yangu, Naw Mu Paw. Tangu niache chuo hapa Mae Sot, mji wa Thailand mpakani na Burma, hakuna anayenigongea. Nikazificha, nikijua wakizitafuta, watagonga.

"We mtundu, umeziona ndara zetu?" Naw Mu Paw aliuliza akicheka.

"Ndara zipi, mama?"

Akatazama mlangoni kwangu. Jozi moja tu, yangu; hakuna ya mgeni. Kicheko kikamwisha.

"Basi kaa nazo. Ila wali umeiva. Sahani yako tunapakua kila Jumapili, inapoa tu."

Akarudi kwake peku.

Nikazibeba zote, nikazipanga mlangoni kwake. Kisha nikavua zangu, nikazichomeka katikati.