Kiti cha Maswali

“Uliondoka kwa sababu nilikojoa kitandani?”

Darasa zima likaangua kicheko. Aliyeuliza alikuwa msichana mrefu kuliko wenzake, aliyebakiza mwaka mmoja tu kumaliza shule ya msingi, na swali la namna hiyo halikulingana na kimo chake.

“Loo! Kumbe Bibi naye analowesha godoro!” mvulana wa dawati la nyuma alipayuka.

“Wewe, chunga mdomo wako,” mwalimu wa darasa alisema kutoka mlangoni.

Msichana hakugeuka, wala hakuona haya. Alisubiri jibu, akiwa amemkazia macho mwigizaji aliyeketi mbele ya ubao, kichwani amefunga kitambaa chekundu.

Ilikuwa siku ya maigizo. Madawati yalikuwa yamesukumwa ukutani, na tangu asubuhi watoto wenyewe walikuwa wakitunga mchezo: wao ndio walioamua nani aingie, nani atoke, nani aseme nini. Waliamua kuwe na mama anayeondoka nyumbani alfajiri bila kuaga. Kisha ikafuata sehemu ambayo mwigizaji aliithamini kuliko zote. Mhusika huketi kitini, na watoto humwuliza lolote. Akiwa amefunga kitambaa, yeye ni Mama. Akikivua, ni Dada wa Maigizo, na yaliyosemwa kitini hubaki kitini. Fulana yake iliahidi uponyaji kwa njia ya sanaa, kwa herufi kubwa. Haikueleza uponyaji huo huchukua muda gani. Ratiba ilisema hadi saa ya chakula.

“La, mwanangu,” alijibu. “Kukojoa si kosa la kumfukuza mama. Godoro huanikwa juani, likakauka, basi.”

Midomo ya msichana ilicheza bila sauti, kama mtu anayeonja maneno kabla ya kuyameza.

“Mbona hukuchukua viatu vyako?”

“Huku niliko havihitajiki.”

“Kuna giza?”

“Hakuna giza.”

Midomo ikacheza tena. Mwigizaji alianza kupima kila neno, kwa maana alikuwa ameonywa. Wakati wa mapumziko mwalimu alimvuta kando, karibu na bomba la maji, wakamtazama msichana huyo akila nusu ya mkate wake na kuifunga nusu ya pili kwenye leso.

“Yule wenzake wanamwita Bibi,” mwalimu alisema. “Si unaona anavyotembea, utadhani ana nyumba nzima kichwani. Mama yake alifariki mwanzoni mwa mwaka. Hajalia, dada yangu. Hata msibani hakutoa chozi. Eti mama amesafiri. Shangazi yao humsikia chumbani akizungumza na marehemu, tena kwa sauti ileile ya mama.”

“Hakuna aliyemwambia ukweli?”

“Nani hajamwambia? Anakuitikia vizuri, ‘Ndiyo, mwalimu,’ halafu akifika nyumbani ni yale yale. Labda wewe, na kitambaa chako hicho.”

Mwigizaji hakuahidi kitu. Alijua tofauti iliyopo kati ya mchezo na tiba, hata kama fulana yake haikuijua.

“Utarudi lini?” msichana aliuliza sasa.

Jibu la mchezo lilikuwa tayari ulimini: karibuni, mwanangu, nikimaliza kazi. Lingepigiwa makofi, na mtoto angerudi nyumbani na uongo mmoja zaidi. Mwigizaji aliinuka kitini, akapiga magoti mbele yake. Kitambaa hakukivua.

“Sitarudi,” alisema. “Nimekufa, mwanangu. Sikukuaga kwa sababu sikujua kwamba naondoka. Ningejua, ningekuamsha.”

Hakuna aliyecheka. Mvulana wa dawati la nyuma aliinamisha kichwa. Mwalimu alitoka nje, akakohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi kinavyohitaji. Machozi yalimtoka msichana, akayafuta upesi kwa kiganja, kama mtu anayefuta meza kabla wageni hawajaingia. Na mwigizaji, ambaye alikuwa ameivaa fulana ile katika shule nyingi bila kuiamini, siku hiyo aliiamini.

Kengele ilipolia, watoto walitoka mbio. Alikuwa akikikunja kitambaa chake aliposikia hatua zikirudi. Msichana alisimama mbele yake, mkoba mgongoni, leso yenye mkate mkononi.

“Shikamoo tena, dada.”

“Marahaba, mpenzi. Unajisikiaje?”

“Vizuri. Lile la godoro ni zuri. Na la giza pia, nimeshalishika.” Alichungulia mlangoni, kisha akapunguza sauti. “Ila lile la mwisho mimi nalijua tangu siku ya msiba. Siwezi kumpa. Bado mdogo sana.”

“Kumpa nani?”

“Mdogo wangu. Maswali yote ni yake.” Alikitazama kitambaa chekundu. “Kwetu anayekaa kitini ni mimi. Huna jibu jingine?”