Mama wa Nne Kumchinja Ng'ombe

"Ng'ombe nilimchinja mimi," Zoraida alisema, akaweka mikono yote miwili juu ya meza, tayari kwa pingu.

Idalmis, mwendesha mashtaka wa wilaya, hakuandika kitu. Kwa umri angeweza kuwa bintiye. Umeme ulikuwa umekatika tena, feni imekufa, naye alikuwa anajipepea kwa jalada.

"Mama, wewe ni wa nne mwezi huu kuja kujitwika kosa la mwanawe. Akina mama mkiendelea hivi mtamaliza ng'ombe wa Kuba nzima."

Zoraida hakucheka. Akarudia yale yale. Ng'ombe wa ushirika alimchinja yeye, mguu uliokutwa na polisi aliuficha yeye chini ya kitanda cha mwanawe Yordanis, aliye mahabusu, na kijana hana habari. Akaapa kwa marehemu mwanawe wa kwanza, yule ambaye bahari ilimchukua pamoja na chelezo chake cha matairi akivukia Marekani.

Idalmis akamuuliza alimchinja kwa kitu gani. Kisu cha jikoni. Na alimwangushaje peke yake, mnyama mzima? Mtaa wote ulijua kwamba hata kuku wake alichinjiwa na jirani, yeye akiwa ndani ameziba masikio.

Yule binti akamwonea huruma. Akamfafanulia polepole, kwa maneno mepesi, maana alijua mbele yake yuko mtu ambaye shule ilimwishia utotoni. Ofisi ile haikuwekwa ili kufunga watu tu. Ilikuwa pia na kazi ya kuwachunga polisi wenyewe. Kama walimpiga Yordanis, mama aseme, watashtakiwa wao. Kama waliingia ndani bila kibali, au bila mashahidi wawili wa kamati ya mtaa, aseme, kesi itakufa leo leo.

Zoraida alitamani sana kusema ndiyo. Lakini polisi walibisha hodi kwa adabu. Kibali walikuwa nacho. Mashahidi walikuwepo, na mmoja alivua kofia mlangoni. Kijana hakuguswa hata ukosi wa shati. Mguu wa ng'ombe ulikutwa ndani ya gunia, na ngozi yake, na kwato zake.

"Basi aliyepeleka taarifa aifute," akasema.

"Taarifa haifutwi, mama. Ikishafika hapa si yake tena. Ni ya taifa."

Jumapili akaenda mahabusu na wali na maharage meusi, na ndizi za kukaanga alizozifunga kwa taulo zisipoe. Yordanis alikuwa amekonda. Akala kidogo, akaanza kuwataja wenzake. Boti ya akina Osniel iliondoka usiku ule ule aliokamatwa, na wote walivuka salama. Osniel sasa anaosha magari huko Hialeah, Marekani, na kiti cha Yordanis ndani ya boti alikikalia mtu mwingine.

"Kuna mtu ana roho mbaya, mama. Angengoja siku moja tu."

Zoraida akajishughulisha na kukunja taulo.

Kisha kijana akainama karibu. Alikuwa amesikia kwamba mama yake ameenda kwa mwendesha mashtaka kujitaja. Ni kweli? Zoraida akasema ni kweli, na asihangaike, mtu wa umri wake hawamfungi muda mrefu. Yordanis akaitazama mikono ya mama yake, ile mikono iliyovimba viungo kwa kufulia watu. Askari akaita muda umekwisha. Mama alipoondoka alimwona kijana ametulia, akafurahi, akajua uongo wake umefanya kazi.

Siku ya pili akarudi ofisini. Idalmis alimvutia kiti mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwanao amekiri, mama. Jana hiyo hiyo, ulipotoka tu."

Zoraida akauliza amekiri nini.

"Yote. Amesema ni yeye na wengine asiowajua. Nikambana sana, maana sikumwamini. Nadhani ameamini kwamba kweli wewe ndiye uliyeuweka ule mguu, labda ulinunua nyama ya magendo, na hataki ukalale sakafuni jela kwa ajili yake. Lakini ameshatia sahihi mbele ya wakili wake. Pamoja na ule mguu, sheria inanitaka niombe miaka minane."

Nje mtu alikuwa anauza vitunguu kwa kuimba. Zoraida alimsikiliza mpaka akapita. Uongo wote aliousema ofisini humo aliusema ili asiseme jambo moja. Heri angefungwa yeye, mtoto asilijue mpaka kufa. Sasa akalisema, bila kulia, macho kwenye sakafu. Siku ile ya boti, mchana, alikwenda nje ya mji akanunua mguu wa ng'ombe kwa mtu asiyemjua jina. Akaupenyeza chini ya kitanda mtoto akiwa anaoga. Akafunga leso mdomoni ili sauti isijulikane, akawapigia polisi simu. Alidhani watamshika siku mbili tatu, boti iende, halafu wamrudishe nyumbani.

"Sikutaka bahari inichukulie na wa pili," akasema. "Ni mimi, binti yangu. Naapa kwa marehemu."

Idalmis alikuwa ameshaweka kalamu chini. Akazunguka meza, akamshika mkono, akamwinua taratibu kama mgonjwa na kumsogeza mlangoni, kwa sababu kwenye benchi la nje kulikuwa na mama mwingine anangoja.

"Nenda ukapumzike, mama," akamwambia. "Ile ya kumchinja ng'ombe ilikuwa inaaminika zaidi."