Mayowe ya Kuigiza

Mwanamke aliyelala sakafuni jikoni hakuwa amemaliza kupiga mayowe, na tayari mlango wa nyuma ulikuwa umesukumwa ukagonga ukuta. Fundi seremala wa nyumba ya jirani aliingia na nyundo mkononi. Nyuma yake alikuja mkewe, na nyuma ya mkewe watu wengine wawili, pekupeku.

"Kata," Dairekta akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Yule wa sakafuni, mwanafunzi ambaye wenzake walimwita Twiga kwa urefu wake, akainuka akijipangusa rangi nyekundu shingoni. Miwani, mpiga picha wao, akashusha kamera. Seremala akaitazama rangi, akaitazama kamera, kisha akamgeukia mama mwenye nyumba, aliyesimama kando ya jiko na kikombe cha chai.

"Wewe uko salama?"

"Niko salama, fundi. Ni watoto wa chuo, wanaigiza."

Mwenye nyumba alikuwa mama mdogo wake Dairekta. Mwaka huo alikuwa amekaa kwa bibi kwa muda mrefu, "kupumzika," walivyosema watu wazima, kisha akarudi kwa mumewe. Dairekta hakuuliza zaidi, maana mambo ya wakubwa hayachokonolewi. Yeye alikuwa na yake ya kumnyima usingizi.

Kazi ya darasa ilikuwa moja: wapange, watengeneze, kisha waitathmini mbele ya wenzao sehemu ya mwanzo ya filamu ya uhalifu. Walikuwa wameipanga vizuri. Mwanamume anaingia kwa mlango wa nyuma, kamera inabaki mlangoni, hatuoni chochote, tunamsikia mwanamke tu. Filamu nzima ilikuwa imebebwa na yowe hilo. Na Dairekta alikuwa amekwisha kuambiwa na mwalimu, bila kupepesa macho, kwamba akifeli hii anarudia mwaka. Baba yake naye alikuwa ameapa kwamba mwanawe hatasoma darasa moja mara mbili.

Wakarudia. Safari hii seremala alichelewa kidogo, lakini alikuja.

"Fundi, si tulikwambia?"

"Mliniambia mimi, mwanangu. Miguu yangu hamkuiambia."

Twiga akacheka. Dairekta alitamani kulia.

Hapo ndipo baba mdogo, mume wa mama mdogo, aliporudi kutoka kazini. Alikuwa mtu mpole, shati limenyooshwa, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti barazani. Aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni na funguo mkononi. Akauliza maswali ya maana kuliko hata mwalimu: lazima mayowe yawe makubwa? Majirani wanachukua muda gani kufika? Wanakuja wote au ni huyu fundi tu?

"Basi niachieni mimi," akasema.

Alizunguka mwenyewe, nyumba hadi nyumba. Kutoka dirishani walimwona akiushika mkono wa seremala kwa mikono yake miwili, wakicheka pamoja. Mama mdogo naye alikuwa akitazama, na chai yake ikapoa bila kunywewa.

"Si lazima waambiwe wote," akasema taratibu.

"Lazima, mama mdogo. Hata akija mmoja tu, tumeharibikiwa."

Mama mdogo akamtazama kama aliyetaka kuongeza neno. Kisha akaenda kumwaga ile chai.

Baba mdogo aliporudi alikuwa na furaha. "Nimewaambia wakisikia kelele humu ndani wasijisumbue. Nimewaambia mtakuwa mnakujakuja, maana huenda mkahitaji kurudia."

Dairekta akamshukuru mpaka akaona haya.

Kesho yake Twiga alipiga mayowe mpaka sauti ikamkauka. Hakuna mlango uliofunguliwa. Randa ya seremala ilisikika ng'ambo ya ukuta, ikisimama kidogo, kisha ikiendelea na kazi yake. Walikuwa wamepata walichokitaka kabla ya mchana, wakafungasha vifaa vyao. Mama mdogo aliwasindikiza hadi getini, akaushika mkono wa Dairekta kwa muda mrefu.

"Uwe unakuja kunitazama, hata bila kamera."

"Nikishamaliza hii kazi, mama mdogo," Dairekta akajibu, na alimaanisha. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja mwaka mzima.

Wiki iliyofuata mapazia ya darasa yalifungwa, filamu ikaonyeshwa. Yowe lilipotoka, mtu wa nyuma aliangusha kalamu. Hata mwalimu, ambaye sifa zake zilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi, aliegemea mbele kwenye kiti.

"Changamoto yenu kubwa ilikuwa nini?"

"Majirani, mwalimu. Kila tukipiga kelele, walikuja mbio."

Darasa zima likacheka.

"Mkaitatuaje?"

"Baba mdogo alizungumza nao. Hawakuja tena."

"Huyo mumwandikie shukrani mwishoni mwa filamu," mwalimu akasema. Akawapa alama za juu kuliko kundi lolote.

Dairekta alitoka nje na simu sikioni. Mama mdogo alistahili kuwa wa kwanza kujua. Simu iliita hadi ikakatika. Akapiga tena, ikawa vilevile. Basi akampigia seremala, aliyemwachia namba siku ile, ampelekee habari njema.

"Hongera, mwanangu," seremala akasema. "Nilijua tu mtafaulu, kwa namna mlivyorudia jana usiku. Yale mayowe yalikuwa ya kweli kabisa. Mke wangu aliinuka, nikamwambia, kaa chini, watoto wako kazini."