Chai ya Daktari

Wallahi, jamani wanywa kahawa, haya ni kweli tupu. Sikutia chumvi hata punje.

Bi Mwanakheri, mpishi wa harusi, alirudi kwa daktari aliyempa vidonge vya majaribio vya kupunguza unene. Daktari akatazama mizani, akachekelea.

“Kilo thelathini zimekwenda! Nilikwambia, mama: bangi hufungua mlango wa njaa kichwani, kidonge hiki kinaufunga.”

“Umefunga na wa furaha! Jana binti yangu kaolewa. Ukumbi mzima vigelegele, mimi mama mzazi nimekaa kama gogo. Kigelegele hakitoki, chozi halitoki.”

“Utazoea. Usiniharibie majaribio yangu.”

“Nirudishie unene wangu, mshenzi wewe!”

Akasaga vidonge vilivyobaki kwa kitako cha chupa, akaumimina unga wote kwenye chai ya daktari, akaikoroga kwa kalamu yake.

“Kunywa. Kisha nenda kambebe mwanao, tuone kama utatabasamu.”

Daktari akabaki anatazama mvuke ukipanda, mikono mapajani.

“Na wewe mzee ulikuwa wapi?” muuza kahawa akanidaka. “Mvunguni mwa meza?”

Baraza zima likaangua kicheko. Nikalipa kahawa ya wote.