Kabichi Mbele ya Jeneza

Kofia ya kabichi iligoma kupita mlangoni. Desmond Pargeter aliinama, akaisukuma kwa kiganja, akapenya ndani ya ukumbi wa kuagia maiti huku akihema. Saa yake ya mkononi ilisema sita na dakika tano. Ibada ya Clive ilipangwa saa sita. Rafiki wa miaka arobaini, na bado amechelewa kumuaga.

Ndipo akawaona waombolezaji. Wote walivaa nyeusi.

Yeye alikuwa na sweta lenye picha ya kabichi iliyofunga tai, suruali iliyojaa mihuri ya pasipoti, na soksi ambazo heri tusizitaje. Kila mpenzi wa vichekesho vya zamani vya televisheni angeyatambua mavazi hayo: ni ule mchezo wa karani anayeinyima kabichi pasipoti kwa kuwa haifanani na picha yake. Clive aliupenda kuliko chakula. Kabla ya kukata roho alimwapisha: "Des, mje wote na kabichi zenu. Halafu wewe uigize pale mbele. Akitoka mtu hajacheka, nitakutokea ndotoni."

Wote, alisema. Lakini wa klabu yao ya wapenzi wa mchezo huo hakuonekana hata mmoja. Waoga wakubwa, Desmond alijisemea. Wamemwacha peke yake na ndugu za Clive kutoka Aberdeen, ambao hakuwahi kuwatia machoni, na nyuso zao zilikuwa kavu. Hakuna aliyemkazia macho. Mzee mmoja alijisogeza tu ili kofia ipate nafasi.

Desmond alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Kuna mwingine mwenye neno juu ya mpendwa wetu?" mwendesha ibada aliuliza.

Desmond aliinyoosha kofia. Ahadi ni deni. Akaenda mbele.

"Clive aliniomba niwachekeshe," alianza. Kisha akakunja uso, akawa karani. "Bwana Kabichi, picha hii si yako. Hapa una masikio." Akageuka, akawa kabichi. "Ah, bosi, hapo nilikuwa kijana bado."

Mtu alikohoa. Bibi kizee wa mstari wa mbele akajiziba mdomo kwa leso. Nyuma kabisa jamaa mmoja akaangua kicheko kama mlio wa punda, na hapo ukumbi mzima ukashika mbavu. Mwendesha ibada alijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Desmond aliruka, akaimba, akajibwaga sakafuni, akaivua kofia na kuiapisha. Alifurahi hata akalia.

Mlangoni yule bibi kizee, ambaye kwa hesabu ya Desmond ndiye dada mkubwa wa Clive, alimshika mikono yote miwili.

"Miezi minane sijacheka, bwana, tangu aanze kuugua. Mungu akubariki."

"Mshukuru Clive, dada. Mimi nimetumwa tu."

Bibi aliigusa saa ya mkononi ya Desmond, taratibu, kama mtu anayemtoa mwenzake uzi begani. "Jana tumerudisha saa nyuma sote kwa saa moja, kama nchi hii inavyofanya kila Oktoba. Yako umeisahau. Sasa hivi ni tano na nusu. Huyo Clive nadhani ndiye anayefuata." Akasita kidogo kwa adabu. "Mume wangu aliitwa Horace. Hatukutaka tu kukukatiza."