Nungunungu na Sheria za Babu

Nungunungu aliporithi kiti cha babu yake, barazani walikuja wanyama wachache tu. Alikumbuka baraza lilivyojaa zamani, akatangaza, "Tunaanza upya! Sheria zote za babu zinarudi."

Aliyechelewa alifukuzwa. Aliyecheka mbele ya kiti alifukuzwa pia. Mwishowe alibaki Pelele, mlezi wake.

"Mama Pelele, mbona baraza halijai? Nimerudisha kila kitu."

"Umerudisha sheria, mwanangu. Babu yako alikuwa akiwafukuza asubuhi, jioni anawaita waje kula." Pelele alicheka kwa kumkumbuka, kisha akashtuka, akaelekea langoni.

"Unakwenda wapi?"

"Nimecheka mbele ya kiti."

Neno la kumrudisha Pelele, lile la babu la jioni, Nungunungu alilijua. Alilitafuta katika sheria za babu, hakuliona, akamwacha aende.