Maji ya Kifuani

Kwenye runinga ya mgahawa, Bi Kidawa alikuwa akilia, maji yamemfika kifuani.

"Masikini, mtaa mzima umezama," alisema muuza chai.

"Umezama wapi? Maji yalikuwa ya magotini!" alifoka Nasra, jirani yake Kidawa. "Mtangazaji ndiye kamwambia achuchumae. Nilikuwa mlangoni, nimeona kwa macho yangu!"

"Wivu tu huo, dada. Mwenzio keshaletewa magodoro."

Nasra akasonya, akaiacha chai yake mezani.

Kesho yake gari la runinga lilirudi. Maji yalikuwa yamekauka, limebaki dimbwi moja tu mbele ya nyumba ya Nasra. Alitazama huku na huku, akachuchumaa katikati yake. Maji yakamlowesha pindo la kanga, basi.

Gari lilipokata kona kuja upande wake, akaketi kitako.